Pointi Zako Ni za Nani?

Haya wadogo zangu, vuteni viti. Katika barua za safari hii kuna mbili nilizoziweka pamoja, maana zinajibizana bila wenyewe kujuana. Ya kwanza ni ya binti wa Dodoma anayeandika programu za kompyuta. Mwenzake waliyemaliza naye chuo ana pointi zaidi ya elfu kumi kwenye Stack Overflow. Yeye hajafika mia tano, na kila akifungua wasifu wake, anasema, anajiona si kitu. Ya pili ni ya kaka anayesimamia kundi la Telegram la wahasibu wa Tanzania na Kenya, wanachama mia nane na ushee. Anataka aanze kuwapa alama, ijulikane nani mzito na nani mpiga kelele tu. Mmoja mizani imemuumiza, mwingine anatafuta mizani.

Nianze na aliyeumia.

Mdogo wangu, kabla hujajidharau, tujue kwanza hiyo namba inahesabu nini. Stack Overflow, jukwaa la maswali na majibu ya waandishi wa programu, ilifunguliwa mwaka 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky, watu wa programu wa Marekani. Wakati ule majibu ya maswali ya kazi yenu yalikuwa yametapakaa kila kona ya intaneti, mengine yamefungiwa mpaka ulipe, mengine uongo mtupu. Wao wakasema: wanaosoma ndio wapige kura. Jibu lako likipigiwa kura ya kukubaliwa, unapata pointi 10. Aliyeuliza akilichagua kuwa ndilo lililomtoa kwenye shida, unaongezewa 15. Likipigiwa kura ya kukataliwa unakatwa 2, na aliyekukataa naye anakatwa 1 yake, ili asiwe mtu wa kurusha mawe kwa raha zake. Pointi zitokanazo na kura zina kikomo cha 200 kwa siku, hata ukikesha.

Pointi hizo ni za nini? Ni funguo za ndani ya nyumba ile. Kwa miaka mingi utaratibu umekuwa huu: ukiwa na 15 unaruhusiwa kuwapigia wengine kura ya kukubali, ukiwa na 50 unaweka maoni chini ya andiko la yeyote, ukifika 2,000 unasahihisha maandishi ya wengine bila kusubiri mtu akague, na 10,000 zinakufungulia vifaa vya usimamizi. Jukwaa linataka kujua limwachie nani ufunguo gani. Ni kazi nzuri, na wameifanya vizuri kuliko wengi. Ila mwajiri wa Dodoma anayetafuta mtu wa kumtengenezea mfumo wa hospitali hakuwemo kwenye mawazo yao.

Halafu kuna mambo ambayo mwenye pointi nyingi hakuambii, pengine hata yeye hayajui. Swali rahisi linaloulizwa na kila anayeanza kazi hulipa kuliko swali gumu lenye watu arobaini tu duniani wanaolihitaji. Kuna swali la mwaka 2009 linalouliza namna ya kutengua hatua uliyohifadhi mwisho katika Git, chombo cha kutunza matoleo ya programu. Ni miongoni mwa maswali yenye kura nyingi kabisa pale, na aliyelijibu wakati ule bado anavuna akiwa usingizini. Wewe leo ukifumbua tatizo la mfumo wa malipo lililokukosesha usingizi, utapata kura tatu, na moja ni ya mtu aliyebonyeza kwa bahati mbaya. Isitoshe, anayejibu haraka kwa mistari miwili huzoa kura wakati mwenzake bado anaandika jibu la kufikiri. Wenyeji wa jukwaa walilalamikia hilo tangu miaka ya mwanzo.

Na hili nalo sikiliza. Kura ya swali jema ilikuwa na thamani ya pointi 10. Mwaka 2010 wakaipunguza ikawa 5. Novemba 2019 wakairudisha 10, wakahesabu upya hadi kura za zamani. Watu wakaamka asubuhi wana maelfu zaidi, na hawakuwa wamejifunza lolote usiku ule. Kitu kinachoweza kupanda ukiwa umelala kwa uamuzi wa mtu mwingine kisikufanye ujione bure ukiwa macho.

Sisemi kwamba mwenzako amebahatisha. Pointi elfu kumi ni karibu mara elfu moja mtu amesoma alichoandika akasema, hili limenifaa. Hizo haziokotwi barabarani. Jon Skeet, aliyekuwa wa kwanza kufikisha pointi milioni moja, Januari 2018, ni mtu aliyeandika kitabu kinachoheshimika cha lugha ya C# na kutengeneza programu ya wazi ya kushughulikia tarehe na saa. Kwake pointi zilifuata ujuzi. Shida inaanza mtu anapogeuza, akazitafuta pointi akitumaini ujuzi utafuata.

Hapa watafiti wametusaidia. Mwaka 2013 Ashton Anderson, Daniel Huttenlocher, Jon Kleinberg na Jure Leskovec walichapisha utafiti kuhusu beji za Stack Overflow, yaani nishani anazopewa mtu akifikisha kiwango fulani. Waliona mtu akikaribia kiwango cha beji huongeza bidii katika jambo lile linalohesabiwa. Akishaipata, bidii inashuka. Hakuna cha kushangaza, nakubali, hata shuleni tulikuwa hivyo wiki ya mtihani. Lakini wewe unayejilinganisha na namba ya mtu, kumbuka kwamba sehemu ya unachokiona ni mbio za kuelekea beji.

GitHub, ambako waandishi wa programu huhifadhi kazi zao, nao walikuwa wakionyesha kwenye wasifu wa mtu amehifadhi kazi siku ngapi mfululizo bila kukatiza. Watu wakawa wanabadilisha nukta moja Jumapili usiku ili mnyororo usikatike. Mwaka 2016 GitHub wakakiondoa kihesabio hicho. Nasikia wapo walioona wametuliwa mzigo.

Ukitaka namba ya kukufaa pale Stack Overflow, achana na jumla. Tazama beji za mada. Ile ya shaba inataka majibu yasiyopungua 20 yenye jumla ya alama 100 katika mada moja. Ya fedha, majibu 80 na alama 400. Ya dhahabu, majibu 200 na alama 1,000. Mwenye dhahabu katika mada huaminiwa kulifunga peke yake swali lililokwisha kuulizwa zamani, jambo ambalo wengine hulifanya kwa kura za watu kadhaa. Beji ya shaba kwenye kitu unachokifanya kila siku kazini inamwambia mtu zaidi kuliko pointi elfu tano zilizokusanywa huku na huko. Na kama unapenda kazi za data, jaribu Zindi, jukwaa la Afrika lililoanza 2018 kule Cape Town. Liliwahi kuweka shindano la kuzipanga habari za Kiswahili kwa mada. Mle kazi yako hupimwa kwa majibu yaliyofichwa, na mashine haijui wewe ni rafiki wa nani.

Sasa nikueleze kisa ambacho nyinyi wadogo hamkukikuta. Mwaka 2008, uleule wa Stack Overflow, ilianzishwa Marekani kampuni iliyoitwa Klout. Ilikuwa inachungulia akaunti zako za Twitter, Facebook na kwingineko, kisha inakupa alama moja, kuanzia 1 hadi 100, ya ushawishi wako duniani. Alama moja tu, kwa binadamu mzima! Watu wakaichukulia kwa uzito wa ajabu. Jarida la Wired mwaka 2012 lilisimulia habari za mtaalamu wa masoko mwenye uzoefu wa miaka kumi na mitano aliyeitwa kwenye usaili Toronto, akaulizwa alama yake ya Klout, hakuwa anaijua. Wakaifungua mbele yake: 34. Kazi akapewa mwingine mwenye alama kubwa zaidi. Oktoba 2011 Klout walikuwa wamebadilisha hesabu zao, alama za watu wengi zikaporomoka kwa siku moja, pakawa na vilio utadhani benki imefilisika. Mwaka 2014 kampuni ikanunuliwa na Lithium Technologies, na tarehe 25 Mei 2018 ikazimwa. Siku ileile sheria mpya ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa za watu ilikuwa inaanza kutumika. Aliyekuwa na 70 na aliyekuwa na 12 wakalala sawa.

Watafiti wa vyuo nao yamewakuta. ResearchGate, jukwaa lao, lilikuwa na alama yake ya kumpima mtafiti, na mwaka 2022 likaiondoa.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Dodoma, usiache kujibu maswali. Jibu. Ila weka daftari lako mwenyewe, nje ya majukwaa yote. Andika tatizo ulilolitatua, kiungo cha jibu, na nani alirudi kusema limemsaidia. Mtu akikuandikia faraghani, “lile jibu lako la mwaka jana tumelitumia ofisini,” muombe ruhusa ulihifadhi. Kwenye barua ya kuomba kazi usiseme una pointi 480. Sema: niliandika maelezo ya namna ya kuunganisha malipo ya simu na mfumo wa duka, yakasomwa na watu fulani wangapi, na kampuni mbili zikaniomba ushauri. Msomaji wa barua ataelewa hata kama hajawahi kuisikia Stack Overflow, na wengi wao hawajawahi.

Mnaniuliza pia kuhusu LinkedIn, nami nitapita haraka kwa sababu hapo kelele ni nyingi kuliko nyama. Ukipita watu 500 uliounganishwa nao, wasifu wako unaonyesha 500 na alama ya kujumlisha, basi. Hesabu hiyo haimwambii anayekutazama kama ni 501 au elfu tisa, nami naona hilo ni jambo la busara. Tangu 2012 mtu anaweza kukuthibitishia ujuzi kwa kubonyeza mara moja, ndiyo maana shangazi yako wa Muscat amethibitisha kwamba wewe ni hodari wa lugha ya Python. Anakupenda, mshukuru. Kuna pia kipimo chao cha mauzo kinachotoka 0 hadi 100, chenye sehemu nne za alama 25 kila moja. Kilitengenezwa kwa ajili ya wauzaji, na kwa kiasi kikubwa kinapima unavyolitumia jukwaa lenyewe. Kama kazi yako si kuuza, kiangalie mara moja kisha ukisahau.

Kilicho na nyama pale LinkedIn ni kingine kabisa. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha makala kuhusu watu waliopata kazi kupitia watu wanaowajua, katika kitongoji kimoja cha Boston. Kati yao ni asilimia 16.7 tu waliosaidiwa na mtu wanayeonana naye mara nyingi. Waliobaki walisaidiwa na watu wa kuonana mara mojamoja, na wengine kwa nadra sana. Mwaka 2022 watafiti walichapisha katika jarida la Science matokeo ya majaribio yaliyofanywa ndani ya LinkedIn kwa watu milioni 20, kwa kipindi cha miaka mitano, wakaona jambo linaloelekea hukohuko: mtu mnayejuana kwa kiasi, si wa damu wala si mgeni kabisa, ndiye anayekuongezea zaidi nafasi ya kupata kazi mpya. Rafiki wa karibu anajua unayoyajua. Sasa tazama laiki za andiko lako la mwisho. Kama zote ni za watu mliosoma nao darasa moja, hiyo ni furaha ya nyumbani, na ni jambo jema, lakini ushawishi wako bado haujavuka mlango. Maoni ya maana, hata mara moja tu, kwenye andiko la mtu wa fani jirani, kwa mfano wewe wa programu ukimjibu mfamasia anayehangaika na mfumo wa stoo, yanakufikisha mbali kuliko hongera mia.

Sasa nije kwako, kaka msimamizi. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana wewe una madaraka. Binti wa Dodoma akikosea, anaumia yeye. Wewe ukikosea, wanaumia mia nane.

Umesema tayari umepata programu inayohesabu ujumbe wa kila mwanachama, na kumi wanaoongoza unataka uwape cheo cha “Mshauri Mkuu”. Nakuomba usifanye hivyo. Hesabu ya ujumbe itakupa wale wanaosalimia kila asubuhi, wanaotuma picha ya maua Ijumaa, na wawili watatu wanaobishana mpaka usiku. Debe tupu haliachi kuvuma, na wewe unataka kulivalisha taji. Jakob Nielsen aliandika mwaka 2006 kwamba katika makundi mengi ya mtandaoni watu kama tisini kwa mia husoma tu, tisa huchangia mara mojamoja, na mmoja ndiye anayeandika karibu yote. Ni makadirio, usiyachukue kama sheria. Lakini nina hakika kundini kwako yuko mtu wa kodi asiyeonekana mwaka mzima, ikifika Juni na Sheria ya Fedha inasubiriwa kuanza tarehe 1 Julai, anaandika aya tatu, na mia nane wote wananyamaza kusoma. Kwenye kihesabio chako huyo ni wa mia sita.

Jiulize kwanza alama unazitaka za nini. Ukitafuta msaidizi wa kusimamia kundi, unahitaji mtu mwenye subira, anayetuliza ugomvi bila kuuongeza. Ukitaka kujua jibu la nani liaminiwe kuhusu kodi ya zuio, unahitaji mtu anayejua kodi ya zuio. Watu hao mara nyingi ni wawili tofauti. Mfikirie kijumbe wa upatu mtaani kwenu: fedha za kina mama ishirini zinapita mkononi mwake na hakuna aliyempa nyota, wamemwona tu akitoa zamu baada ya zamu bila kupunguka hata mia. Lakini mtoto akiwa na homa hawamwiti yeye. Heshima ina mahali pake, na ukiijumlisha katika namba moja unapoteza kile ulichotaka kukijua.

Fanya hivi. Kwa miezi mitatu usimtangazie mtu cheo chochote. Fungua karatasi ya Excel, na kila swali la kazi likiulizwa, andika ni la mada gani, nani alijibu, na kama muulizaji alirudi kusema jibu lilifanya kazi. Hili la mwisho ndilo dhahabu. Wahasibu hawana desturi ya kurudi, wafundishe, siku ya tatu baada ya swali muulize aliyeuliza, “Ilikuwaje?” Andika pia nani ametajwa kwa jina: mtu akisema “tumsubiri fulani aje”, hiyo ni kura isiyo na kitufe, na kwangu inapita laiki hamsini. Na mtazame anayetaja. Larry Page na Sergey Brin walipoanza Google mwaka 1998 waliujenga utafutaji wao juu ya wazo kwamba ukurasa unaoelekezewa na kurasa nzito ni mzito pia. Mkaguzi wa miaka ishirini akisema tumsubiri binti yule wa Kisumu, si sawa na mwanafunzi akisema hivyo. Huhitaji programu ya kukuonyesha hilo. Kwa kundi la mia nane macho yako yanatosha.

Kuna aina ya mwanachama ambaye karatasi hii haitamwonyesha vizuri, nami naona ndiye wa thamani kuliko wote kwako. Kundi lako ni la nchi mbili. Watanzania wana mashine za risiti za EFD na mamlaka yao ya kodi, TRA, Wakenya wana mfumo wa ankara wa eTIMS na mamlaka yao, KRA, na nadhani siku nyingi kila upande unaongea na upande wake. Wapo wachache, pengine watano, wanaojibu kotekote: mtu aliyefanya kazi Nairobi akahamia Arusha, au mwenye wateja wa pande zote za mpaka wa Namanga. Linton Freeman, mtaalamu wa mitandao ya kijamii tangu kabla neno hilo halijawa na maana ya Facebook, alionyesha mwaka 1977 namna ya kumpima mtu kwa kuhesabu ni mara ngapi njia fupi kati ya watu wengine inapita kwake. Huyo anaweza kuwa na ujumbe ishirini tu kwa mwaka. Akiondoka, siku moja utagundua unasimamia makundi mawili yanayotumia jina moja. Mtafute, msalimie, muulize anahitaji nini.

Umeandika pia kwamba unataka wanachama wapeane nyota wao kwa wao. Hapo eBay wana la kukufundisha. Mnunuzi na muuzaji walikuwa wakipeana maoni, kila mmoja kwa mwenzake, na maoni ya wanunuzi yakawa mema kwa takriban asilimia 99. Je, biashara ilikuwa safi kiasi hicho? Watu waliogopa kulipiziwa: ukinipa baya, nami nakupa baya. Mwaka 2008 eBay wakawazuia wauzaji kutoa maoni mabaya kwa wanunuzi. Sisi watu wa pwani na bara hatuhitaji hata kulipiziwa kisasi, aibu peke yake inatosha. Nani atampa nyota mbili mzee aliyemsaidia mdogo wake kupata nafasi ya mafunzo ya kazi? Nyota zako zote zitakuwa tano, utakuwa umefanya kazi bure, na yule mmoja mkweli atakuwa amejipatia maadui.

Kwa maoni yangu usitoe orodha ya kwanza mpaka wa mwisho hadharani, kamwe. Ukitaka kumheshimu mtu, mheshimu kwa kazi: mwezi huu fulani ametuongoza kwenye maswali ya VAT, tunamshukuru. Taja mada. Na sifa hizo zipe mwisho. Aliyejibu maswali ya VAT vizuri kabla ya sheria ya 2014 kuanza kutumika Tanzania, Julai 2015, alikuwa sahihi siku zile. Jibu hilohilo likiokotwa leo linaweza kumtia mtu faini. Heshima ya miaka mitatu iliyopita iendelee kukumbukwa kama shukrani, isiwe tiketi ya kuaminiwa leo.

Usisahau pia kwamba wengi wa kina dada hawajibu uwanjani. Wanajibu faraghani, kwa sababu wakijibu mbele ya watu wanaume watatu wanaleta salamu zisizo na uhusiano wowote na uhasibu. Karatasi yako itasema hawachangii. Uliza waulizaji, “Nani alikusaidia pembeni?” na majina utakayoyasikia yatakushangaza. Kisha shughulikia hao watatu wa salamu, maana hiyo nayo ni kazi ya msimamizi.

Tangu majira yale ya mwisho wa 2022 kuna jambo jingine. ChatGPT ilipotoka, haukupita muda Stack Overflow wakapiga marufuku majibu yaliyoandikwa nayo, Desemba ya mwaka huo, kwa sababu yalisomeka vizuri na mengi yalikuwa na makosa. Zamani mtu akiandika kwa mpangilio, kwa vifungu vya sheria, ulikuwa na haki ya kudhani amekaa na jambo hilo. Leo aya tano nzuri zinapatikana kwa sekunde kumi. Kwa hiyo usimpime mtu kwa jibu lake la kwanza. Mpime kwa la pili, pale muulizaji anaposema, “Lakini mteja wangu ankara zake ni za dola, na alisajiliwa VAT katikati ya mwaka.” Anayejua atauliza swali. Asiyejua atakubandikia aya tano nyingine.

Na kabla hujaandika jina hata moja kwenye hiyo Excel, waambie. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019, na wewe una wanachama wa kote kuwili. Hata kama hakuna atakayekushtaki, mtu akigundua amekuwa akihesabiwa kimyakimya ataacha kujibu, na aliyekuwa akijibu vizuri ndiye ataacha mapema. Sema unaandika nini, kwa nini, nani ataona, na lini utafuta. Asiyetaka, mwache nje ya hesabu. Mambo ya usajili na leseni waachie wasimamizi wa taaluma ya uhasibu, NBAA wa Tanzania na ICPAK wa Kenya. Mtu akitaka kujua kama fulani ni mhasibu aliyesajiliwa (CPA) kweli, aende huko. Cheo cha “Mshauri Mkuu” cha Telegram kisije kikamdanganya mfanyabiashara akadhani ndicho cheti.

Miezi mitatu ikiisha niandikie uniambie umewaona akina nani. Nina hamu ya kujua kama yule wa Juni yumo.

Nafasi imebaki ya barua moja fupi. Wewe binti wa Mombasa uliyeandika kwamba kuna mtu anauza wafuasi elfu kumi wa LinkedIn kwa bei isiyofika nauli ya treni ya Nairobi: hapana, mdogo wangu. LinkedIn huondoa akaunti za bandia kwa mamilioni, na siku watakapowafagia hao elfu kumi, mwajiri aliyekuona jana na 10,300 atakuona leo na 300, naye atajua ulichokifanya bila kukuuliza. Kama umeshalipa, usione haya kunieleza. Ingia kwenye orodha ya wafuasi wako uanze kuwaondoa. Ni kazi ya mkono, mmoja baada ya mwingine, tafuta pa kukaa.